Cheti cha babu na daftari la ubatizo

Swali: Cheti cha kuzaliwa cha babu kutoka RITA (wakala wa usajili wa Tanzania) kinasema alizaliwa 1938, daftari la ubatizo la parokia linasema 1935. Nitaje kipi kwenye historia ya ukoo?

Jibu: Vyote, kila kimoja peke yake. Kwa cheti, andika namba, wilaya na hasa tarehe ya usajili. Vyeti vingi vya wazee wetu vilitolewa miaka mingi baadaye, na mwaka ukakisiwa. Kwa daftari, andika parokia, ukurasa na namba ya ubatizo, na kama uliliona mwenyewe au ulisomewa. Ikiwa ubatizo wenyewe ulifanyika 1935, daftari limeshinda: hakuna anayebatizwa kabla hajazaliwa! Ikiwa alibatizwa ukubwani, huo mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa daftarini nao huenda ni wa kukisia.