Somo la Tawi: Tumtambue Dalali wa Watu



Somo letu safari hii linahusu biashara ya kuuza wanawake. Baadhi yenu mtauliza: jambo hili ni la polisi, chama cha wafanyakazi kinaingiaje? Jibu ni kwamba dalali wa watu humnasa mwanamke kwa ahadi ya kazi. Sisi tunajua kazi ya halali inavyoanza na inavyolipwa, kwa hiyo tunaweza kumtambua dalali huyo mapema kuliko wengine.

Tuanze na Dzaleka. Kambi hii iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Sasa wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Juni 2022, Umoja wa Mataifa na Polisi ya Malawi walitangaza kwamba watu zaidi ya 90 waliokuwa mikononi mwa wauza watu walikuwa wametambuliwa kambini. Wengi walikuwa wanaume wa Ethiopia, lakini walikuwamo pia wanawake na wasichana wa miaka 12 hadi 24. Wanaume walipelekwa kulima mashamba ya watu kwa nguvu. Wanawake walitiwa katika ukahaba, hapo kambini na katika nchi nyingine za kusini mwa Afrika.

Kwa nini biashara hii ilipata nafasi? Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti kuhusu haki ya mkimbizi ya kuajiriwa na ya kutembea atakako. Mwaka 2023 wakimbizi walioishi mijini waliamriwa warudi Dzaleka. Mama mwenye watoto wenye njaa, asiye na njia ya kuajiriwa, akiambiwa kuna kazi ya hoteli nje ya nchi, atasikiliza. Na akishatoka kambini bila kibali, dalali humtisha: "Ukienda polisi, utakamatwa wewe."

Wenyeji nao hawakusalimika. Wanawake wa Malawi waliahidiwa kazi nzuri, wengine wakiambiwa wanakwenda Dubai, wakajikuta Oman katika kazi za nyumbani, wamenyang'anywa pasipoti. Zaidi ya 50 walirudishwa nyumbani, na serikali ililazimika kutoa fedha ili warudi.

Basi tufanye nini sisi watu wa kawaida?

Kwanza, tuulize kabla ya safari. Mwajiri ni nani, na yuko wapi? Mshahara ni kiasi gani? Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha gani? Nani atashika pasipoti? Nauli ikilipwa na dalali, itakuwa deni la nani? Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani unasema wakala asimtoze mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Dalali akikasirika kwa kuulizwa, hiyo ni dalili tosha. Kuuliza si ujinga.

Pili, anayesafiri aache nyumbani nakala ya hati zake, jina la wakala na anwani ya aendako. Akariri kichwani namba moja ya simu, maana simu yenyewe huweza kuchukuliwa. Apatane na ndugu zake neno moja la kawaida litakalomaanisha "nimo hatarini".

Tatu, tufumbue macho kazini. Dereva wa minibasi, mhudumu wa gesti, muuzaji sokoni Lilongwe, mtumishi wa nyumba ya jirani: hawa huona mengi. Ukiona msichana haruhusiwi kujibu mwenyewe, hana hati wala simu, au anafanya kazi bila mshahara "mpaka deni liishe", usigombane na dalali, kwani atamhamisha usiku huo huo. Zungumza na msichana akiwa peke yake. Andika namba ya gari na mahali. Toa habari polisi, au piga 116 kwa habari za watoto na 5600 kwa habari za ukatili. Ikiwa ni mkimbizi, usimwache aende kituoni peke yake. Afuatane na mtu anayemwamini.

Nne, tusimcheke anayerudi. Wengine husema, "Alikwenda kwa hiari yake." Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inasema wazi kwamba kukubali kwa aliyedanganywa au kutishwa hakuhesabiwi. Malawi nayo ina sheria yake ya mwaka 2015 dhidi ya biashara hii. Lakini kesi huhitaji shahidi, na mwanamke aliyeaibishwa mtaani hatasimama mahakamani. Mficha uchi hazai. Ni juu yetu kumfanya asione haya kusema. Akinyamaza, dalali wake atarudi kumchukua mwingine.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Ni nani katika mtaa wetu huwatafutia watu kazi za mbali, na nani kati yetu amewahi kuona mkataba wake?

2. Katika kazi yako, ni wapi unapokutana na wasafiri wasioweza kujisemea?

3. Dada aliyerudi bila kitu, tawi letu litampokeaje?