Kemo ya Vidonge: Usijikaze Ukiharisha
Kapesitabini ni kemo kamili, ingawa mgonjwa huimeza nyumbani. Humezwa asubuhi na jioni kwa maji, ndani ya dakika 30 baada ya kula. Mara nyingi kwa siku 14, kisha siku 7 za mapumziko. Wengi huharisha wakanyamaza, wakiogopa kukatizwa matibabu. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukienda choo mara 4 au zaidi kupita kawaida yako kwa siku, au nyayo zikiuma hata kutembea ni shida, acha vidonge na upigie kliniki siku hiyo hiyo. Homa ya nyuzi 38 haingoji asubuhi. Usisage kidonge, anayekushikia dawa avae glavu. Unatumia warfarini? Mwambie daktari kabla ya kuanza, maana unaweza kuvuja damu.