Mwaga Mfuko wa Dawa Mezani
Kijitabu cha nyumbani kuhusu figo na dawa za maumivu ya viungo

Kabla hujaendelea kusoma, kusanya dawa zote zilizomo nyumbani: za kabatini, za kwenye mkoba, hata zile zilizofungwa leso chini ya mto. Zimwage mezani. Vaa miwani, au mwite kijana mwenye macho mazuri, msome jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo. Lile jina kubwa la rangi ni la biashara tu.

Tuseme meza hiyo ni ya nyanya mmoja wa Kangemi, aliyeuza mboga miaka mingi akiwa ameketi kwenye kigoda, na sasa goti la kulia halikunjiki asubuhi. Pana diklofenaki aliyonunua kwa kemisti wa karibu na stendi. Pana pakiti ya rangi nyingine, bintiye alimletea kutoka barabara ya Tom Mboya alipotoka kazini. Ukiigeuza, ni ibuprofeni. Pana vidonge vya kioski vyenye mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini, anavyomeza kichwa kikimgonga. Halafu pana dawa zake za presha kutoka kliniki: losatani, na haidroklorothiazidi ya kupunguza maji mwilini. Wote waliompa walimtakia mema. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeiona meza nzima.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu ni ukoo mmoja. Kwenye pakiti, ukoo huo utaukuta umeandikwa Diclofenac, Ibuprofen, Naproxen, Piroxicam, Meloxicam, Indomethacin au Celecoxib. Sindano ya diklofenaki pia ni ya ukoo huo huo. Kumeza mbili kwa pamoja hakuleti nafuu maradufu, bali huzidisha hatari ya vidonda vya tumbo na ya kuumia figo. (Aspirini ndogo ya kila siku aliyopewa mgonjwa wa moyo ni habari nyingine, usiiache bila daktari kusema.)

Mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli. Dawa hizi huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Gotini, kemikali hizo huchochea uvimbe na maumivu, ndiyo maana zikipungua mtu hupata ahueni. Figoni zina kazi nyingine. Mwili unapoishiwa maji, au moyo ukiwa dhaifu, ndizo zinazouweka wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio la figo.

Fikiria chujio lililo kati ya mabomba mawili. Haidroklorothiazidi hupunguza maji mwilini. Losatani hulegeza bomba la kutokea, hivyo msukumo ndani ya chujio hushuka. Hilo peke yake kwa kawaida huifaa figo. Diklofenaki inapokuja juu ya hizo mbili, hubana bomba la kuingilia. Siku ya kawaida mwili huweza kuhimili. Nyanya akiharisha, akitapika, akipandwa na homa au akashinda bila maji, figo zinaweza kusimama kazi ndani ya siku chache. Kwa hiyo siku ya kuharisha au kutapika, diklofenaki na wenzake hawamezwi kabisa. Dawa za presha usizikatize kwa uamuzi wako, kwa sababu presha yenyewe ni adui mkubwa wa figo. Piga simu kliniki au nenda siku hiyo hiyo uulize.

Jambo linaloniumiza zaidi ni ukimya wa figo. Goti hupiga kelele usiku kucha. Figo huweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake bila hata kuwasha. Wengi hugundua wakati miguu imefura na pumzi zimekata, na baadaye maisha yao hupangwa kufuata mashine ya kusafisha damu, mara mbili au tatu kwa wiki, karibu saa nne kila kikao. Kinachoweza kuvunja ukimya huo mapema ni kipimo cha kreatinini kwenye damu na cha protini kwenye mkojo. Mhudumu wa afya ya jamii anayekupima presha na sukari nyumbani amekusaidia sana, lakini kreatinini inahitaji maabara. Pima kabla ya kuanza dawa za muda mrefu, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye presha, sukari au umri mkubwa apime mapema na mara nyingi zaidi. Omba uandikiwe namba ya uchujaji wa figo. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, figo zina ugonjwa. Chini ya 30, dawa za ukoo huu huepukwa.

Kwenye kaunta ya kemisti, sema hivi: “Daktari, nina presha na ninameza losatani. Hii ya magoti itapatana nayo?” Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Akikwambia, “Shosho, meza tu,” bila kuuliza lolote, rudisha pesa mkobani.

Haimaanishi uvumilie maumivu. Goti au vidole vinaweza kupakwa jeli ya diklofenaki, maana dawa inayofika kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge. Hata hivyo mwenye figo dhaifu aulize kwanza. Parasetamoli ya miligramu 500 ni salama zaidi kwa figo, isizidi vidonge 8 kwa saa 24, na pungufu ya hapo kwa mwembamba sana, mwenye ini bovu au anayekunywa pombe. Keti kitini, nyoosha mguu, uhesabu hadi tano, ushushe polepole. Paja likipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Mkongojo ushikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Goti lililokwisha kabisa lina upasuaji wake, na hospitali ya PCEA Kikuyu ina kituo cha mifupa.

Jihadhari na “dawa ya miti” inayoondoa maumivu usiku mmoja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama lishe ya viungo. Ndani yake maabara ilikuta diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko.

Mkojo ukipungua ghafla, uso au miguu ikifura, pumzi zikikatika, au choo kikiwa cheusi kama lami, acha kidonge cha maumivu uende hospitali siku hiyo hiyo, na mfuko mzima wa dawa mkononi.

Mezani kwa nyanya sasa pana dawa mbili za presha, parasetamoli na jeli. Mjukuu amebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: majina manne, saa za kumeza, na chini kabisa tarehe ya kupima kreatinini.