Somo la Mwezi: Huruma Yenye Maarifa

Soma: Luka 10:25–37



Habari ya Msamaria Mwema twaijua sote tangu darasa la kipaimara. Lakini tukiisoma polepole, twaona kwamba Msamaria yule hakuwa na huruma tu. Alikuwa na mafuta na divai, alijua kufunga jeraha, tena alijua nyumba ya wageni iko wapi. Mwezi huu tulifikiri jambo hili kwa ajili ya wale wanaopigwa nyumbani mwao.

1. Jeraha ni kubwa. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 40 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Kwa walioolewa, mara nyingi aliyewaumiza ni mume. Hao si watu wa mbali. Wengine twashiriki nao Meza ya Bwana.

2. Sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Basi tusiseme, "Hayo ni mambo ya ndani."

3. Sheria haitembei yenyewe. Hutembea kwa miguu ya watu: polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, daktari anayejaza fomu ya PF3, afisa ustawi wa jamii, msaidizi wa kisheria, na hakimu. Mmoja wao asipofundishwa, kazi ya wote huharibika. Polisi akiuliza, "Ulimkosea nini?" mama hurudi nyumbani, wala haji tena. Daktari akiandika "maumivu" tu, bila kutaja jeraha liko wapi na lina ukubwa gani, hakimu hukosa ushahidi wa kushika.

Kwa hiyo watumishi hawa wafundishwe kusikiliza faraghani na kutunza siri. Kuandika sawasawa waliyoyasikia na kuyaona. Kuuliza kama ni salama mama huyo kulala nyumbani usiku ule. Na kumfikisha kwa mtumishi anayefuata, si kumwonyesha njia kwa kidole.

4. Sisi nasi tufundishwe. Wengi huja kwanza kwa kasisi au kwa mama mwenzao wa kanisani, kabla ya kwenda polisi. Sheria ile ya 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na jumuiya za dini zaweza kuwa na baraza lao. Kupatanisha ni kazi njema. Lakini mke mwenye hofu hawezi kusema kweli akiwa ameketi kando ya yule anayemwogopa. Asikilizwe peke yake kwanza.

Tukiri kosa letu. Mara ngapi tumemwambia mama, "Vumilia, Mungu ataweka mkono wake," tukasali naye, tukamrudisha? Kuhani na Mlawi walipita kando. Sisi tulisimama, kisha tukamrudisha mikononi mwa wanyang'anyi. Kusamehe hakumwondolei mtu haki ya kulindwa.

Twapendekeza kwamba afisa ustawi wa jamii na polisi wa Dawati waalikwe kuwafundisha wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama na vijana. Wanaume wasikose siku hiyo.

Maswali ya kuzungumza

(a) Mama akibisha hodi kwako usiku huu, utamwambia neno gani la kwanza?
(b) Je, wajua Dawati la karibu liko wapi?
(c) Ni maneno gani tuliyozoea kusema ambayo yafaa tuyaache?

Sala: Ee Bwana, uliyewagusa waliojeruhiwa, utupe macho ya kuona, masikio ya kusikia, na mikono iliyofundishwa kutibu. Amina.