Mbegu za Petunia: Namna ya Kuzichuma na Kuziweka Nyumbani

Petunia ni ua lipendwalo na watu wengi katika sehemu za milimani za Kenya. Huonekana katika mikebe barazani, mbele ya maofisi, na katika vitalu vilivyo kandokando ya barabara za Nairobi, ambako miche huuzwa. Wengi wa wauzaji hao, na wenye nyumba pia, hununua mbegu dukani kila msimu, ilhali mmea wenyewe huzaa mbegu kwa wingi mno mbele ya macho yao. Gramu moja tu huwa na mbegu karibu 10,000. Lakini wako pia waliojaribu kujiwekea mbegu wakapata hasara. Mwuzaji huahidi maua mekundu, miche ikachanua zambarau na nyeupe, na mnunuzi asirudi tena. Kosa si la udongo wala la mvua. Lilifanyika miezi mingi kabla, siku mbegu ilipochumwa bila kujulikana baba yake ni nani.

Ili jambo hili lifahamike vema, yafaa kwanza kujua asili ya ua lenyewe. Petunia ilitoka Amerika ya Kusini. Ni ndugu wa tumbako, na hata jina lake limetokana na neno la wenyeji wa Brazili lenye maana ya tumbako. Nyanya, viazi, biringanya na pilipili ni wa ukoo huo huo. Petunia za bustani hazikuwako porini. Zilipatikana Ulaya katika miaka ya 1830, wakati wakulima wa maua walipochanganya petunia nyeupe, itoayo harufu nzuri jioni na kuwaita nondo, na nyingine ya zambarau, ambayo wageni wake ni nyuki. Basi kila petunia ya leo ni mtoto wa wazazi wawili wasiofanana, na rangi za mababu zake zimejificha ndani yake zikingoja nafasi.

Zaidi ya hayo, pakiti nyingi za siku hizi zimeandikwa herufi F1. Maana yake ni kwamba mbegu hizo ni za chotara wa kizazi cha kwanza: mtaalamu ametunza jamii mbili safi kwa miaka mingi, kisha akazichanganya kwa mkono, ua kwa ua. Ndiyo sababu bei yake ni kubwa. Miche ya pakiti hiyo hufanana kama sare za askari, lakini watoto wake hawafanani. Kwa mfano, mmea mwekundu uliobeba weupe kwa siri ukijizalisha wenyewe, huenda katika kila miche minne mmoja ukatoka mweupe. Na kwa kuwa mambo yaliyofichika ni mengi, urefu wa mmea na ukubwa wa ua navyo hutofautiana. Mbegu za F1 zaweza kuchumwa, nazo huota vizuri. Apandaye kwa kupamba ua wa nyumba yake hana hasara yoyote, na pengine atafurahia mchanganyiko. Mwenye kuuza miche, hata hivyo, asiziuze kwa jina la rangi moja. Mwenye kutaka ua lile lile hasa, bila tofauti hata kidogo, aache mbegu akate vipandikizi. Na hiyo ndiyo njia ya kuongeza petunia nyingi zile zinazoning'inia vikapuni.

Petunia zenye maua yaliyojaa petali tabaka juu ya tabaka nazo zina shida ya namna yake. Mara nyingi sehemu ya kike ya ua lake imeharibika, hivyo mtu aweza kungoja mbegu mpaka achoke. Kampuni ya Sakata ya Japani ilijipatia sifa kubwa katika miaka ya 1930 kwa kupata njia ya kutoa mbegu ambazo miche yake yote huchanua maua ya namna hiyo. Mwenye bustani ndogo hawezi kushindana nayo. Afadhali achague petunia ya kawaida, yenye ua kama tarumbeta, na ambayo si F1.

Kazi yenyewe huanza kwa kumchagua mama. Mmea uwe na afya, wenye matawi mengi na rangi itakiwayo. Wenye majani ya mabaka-mabaka au yaliyojikunja usichumwe mbegu, maana huenda una ugonjwa uletwao na virusi vya tumbako. Ugonjwa huo huweza kupitia mikononi mwa mvuta sigara au mtumiaji wa ugoro; kwa hiyo mtu wa namna hiyo na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa maua yake, hata kama atachekwa na jirani.

Baada ya kuchagua, mmea ulindwe na nyuki na nondo. Vimfuko vidogo vishonwe kwa kipande cha chandarua chenye matundu madogo au kitambaa kingine chepesi. Tumba likikaribia kufunguka, yaani siku moja kabla, livalishwe kimfuko na kufungwa taratibu kwa uzi kwenye kikonyo. Ua likishafunguka, kimfuko kiondolewe kwa dakika chache. Ndani ya ua mna vijiti vitano vyenye chavua, ule unga laini, na katikati yake kijiti kimoja chenye kichwa chenye unyevu kinachonata. Chavua ichukuliwe kwa brashi ndogo au ncha ya njiti ya kiberiti na kupakwa juu ya kichwa hicho, kisha kimfuko kirudishwe mpaka ua linyauke. Zipo petunia zinazokataa chavua yao wenyewe. Kwa hizo itafutwe chavua ya mmea mwingine wa rangi ile ile. Maua kumi yaliyotunzwa hivi yanatosha kabisa. Kila kikonyo kifungwe uzi wa rangi, kisije kikachanganywa na vingine siku ya kuchuma.

Petali zikianguka, hubaki kitunda kidogo kimekaa kati ya majani matano membamba. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Kitunda kikiwa kibichi, mbegu zilizomo ni nyeupe na changa, na zikikaushwa hazioti kamwe. Hukomaa baada ya majuma manne hivi, pengine zaidi mahali penye baridi kama Limuru. Kikigeuka rangi ya kahawia na kukauka, na ncha yake ikianza kupasuka, kichumwe siku hiyo hiyo. Akingoja kesho, upepo utakuwa umekwisha kupanda mbegu zake pasipomfaa. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya umande kukauka. Kwa Nairobi na sehemu za jirani, maua yanayotunzwa mwezi wa Desemba huleta mbegu katika kiangazi cha Januari na Februari, wala hayaozeshwi na mvua.

Vitunda vikatiwe moja kwa moja ndani ya bahasha, si kiganjani, kwa maana mbegu zake ni ndogo kama ugoro na kupiga chafya moja kwaweza kumaliza mavuno yote. Bahasha iachwe wazi kivulini kwa juma moja. Mfuko wa plastiki haufai wakati huu, kwani huzuia unyevu kutoka na kuleta ukungu. Kisha vitunda vipondwe taratibu juu ya karatasi nyeupe, karatasi iinamishwe na kugongwagongwa kwa kidole: mbegu huteremka zenyewe, na makapi hubaki nyuma.

Mbegu safi zitiwe katika bahasha mpya iliyoandikwa rangi, tarehe, na kama ua lilivalishwa kimfuko au la. Bahasha iwekwe ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana. Wali usiopikwa, yaani mchele, ukaangwe bila mafuta, uachwe upoe, na vijiko viwili vyake vitiwe chini ya chupa ili vinyonye unyevu. Mahali pa kuiweka chupa pawe na giza na ubaridi. Juu ya rafu ya jikoni karibu na jiko ni pabaya kuliko pote. Huko Mombasa na pwani yote, ambako hewa ina unyevu mwingi, mchele huo ubadilishwe mara kwa mara. Zikitunzwa hivyo, mbegu hudumu miaka miwili au mitatu, na pengine zaidi.

Kabla ya kuuza au kupanda, mbegu 20 zihesabiwe juu ya karatasi iliyoloweshwa, ndani ya sahani iliyofunikwa kwa kioo, na kuwekwa penye mwanga lakini si juani. Baada ya siku 14 zilizoota zihesabiwe. Zikiwa 14, basi katika kila mbegu 100 zitaota karibu 70. Zikiwa chini ya 10, zipandwe kwa wingi zaidi nyumbani, wala asiuziwe mtu.

Wakati wa kupanda, mbegu zichanganywe na mchanga mkavu laini na kunyunyizwa juu ya udongo uliochekechwa. Zisifukiwe, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Mkebe wenye matundu chini usimamishwe ndani ya beseni la maji mpaka udongo wa juu uonekane umelowa, maana maji yakimwagwa kutoka juu huzisukuma mbegu zote upande mmoja. Miche huchomoza kati ya siku 7 na 14, na huchanua baada ya miezi mitatu hivi. Wa kwanza kuonyesha rangi isiyotakiwa ung'olewe kabla nyuki hawajaufikia.