Maji Yameingia Ndani: Jua Kwanza Ni ya Nani

Maji yakishaingia ndani, mtu hukimbilia mambo mawili: kudeki na kulalamika. Yote mawili ni haki yake, ila nashikilia kwamba katikati yake kuna kazi moja ambayo ikirukwa, lipu itaharibika tena na ofisi itaendelea kunyamaza. Kazi hiyo ni kuthibitisha maji yametoka wapi. Kwa Dar es Salaam jambo hili ni zito, maana maji ya jiji hili yana wenyewe tofauti. Bomba la umma mpaka kwenye mita ni la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na mfumo wa majitaka pia. Kuanzia mita kuja ndani ni lako. Mtaro wa barabara ya mtaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Wa barabara kuu ni wa TANROADS. Na taka zilizouziba ni kazi ya manispaa. Ukiandika tu kwamba nyumba imejaa maji na unaomba msaada, kila ofisi itapata sababu ya kukuelekeza kwa mwenzake, nawe utazungushwa mpaka masika yaishe.

Anza na umeme: zima meni swichi, na kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, usiingie, ita shirika la umeme likate nje. Kisha, kabla ya kudeki, piga picha. Baada ya hapo usome ukuta. Alama ya tope iliyonyooka kuzunguka chumba ni ya mafuriko. Ipime kwa tepu kutoka sakafuni na tepu yenyewe ionekane pichani. Doa lililoanzia juu ni la paa, usimsumbue mtu ofisini. Unyevu unaopanda kutoka chini, ukitoa chumvi nyeupe na kubambua rangi karibu na sakafu, unatoka ardhini: ama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, ama kuna maji yanatuama nje. Ili kutenganisha bomba lako na la umma, funga koki zote uitazame mita kwa nusu saa. Ikizunguka, uvujaji uko kwako. Ikitulia, na ukuta unazidi kulowa hata kiangazi, una sababu nzuri ya kuitaka mamlaka ya maji ije kukagua bomba la nje. Andika kwenye daftari tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Baada ya wiki tatu daftari hilo litakuwa limekuonyesha mtindo ambao macho peke yake hayaoni.

Hapo ndipo barua inakuwa na uzito. Iwe fupi: chanzo, vipimo, picha, na ombi moja linaloweza kujibiwa, yaani tarehe ya ukaguzi. Pitisha nakala kwa mtendaji wa mtaa, na yako igongwe muhuri wa mapokezi. Najua watakaosema barua hazisomwi, na kwamba njia ya kweli ni kumjua mtu. Sikatai kwamba kujuana huharakisha. Lakini mtu wako huhamishwa kituo na ahadi yake huondoka naye, ilhali barua yenye muhuri inabaki masjala na inakupa ngazi ya kupanda. Mtoa huduma ya maji akinyamaza, unaweza kwenda EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, nako utaulizwa kama ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe. Ukitaka kujua mtaro wenu uko kwenye mpango gani wa matengenezo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Na ikifika mahakamani, halmashauri haishtakiwi bila notisi ya siku 90. Hatua zote hizi husimama juu ya tarehe unayoweza kuithibitisha.

Kuna pingamizi zito zaidi, la wanaoishi mabondeni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Aliye humo anaogopa kwamba malalamiko yake yatageuka alama ya X ya kubomolewa ukutani. Hofu hiyo ni ya kweli, na siwezi kumshauri apeleke barua kwa jina lake peke yake. Ila kalavati lililoziba linawaumiza hata walio nje ya mita hizo. Suala liletwe kwenye mkutano wa wakazi, liingie kwenye muhtasari, na mwenyekiti wa mtaa aandike kwa niaba ya wote, akitaja kalavati na barabara yake badala ya nyumba za watu.

Wengine wataogopa kwamba kungoja mkaguzi ni kukaa na ukungu unaoumiza vifua vya watoto. La, usingoje kukausha. Toa magodoro na mazulia siku hiyohiyo, fungua madirisha, bandua lipu iliyovimba, piga picha tofali lililo nyuma yake. Kinachongoja ni lipu mpya na rangi, na hata bila mkaguzi vingengoja, kwa kuwa tofali la saruji lililolowa huchukua wiki nyingi kukauka, na rangi ikiwahi huutega unyevu ndani mpaka ibambuke tena. Acha kipande kimoja cha ukuta kama kilivyo, chenye alama ya maji, mpaka mkaguzi akione.