Gemini: Intaneti Isiyomfuatilia Msomaji

Gemini hii ndiyo ile ya Google?

Hapana. Google iliupa mfumo wake wa akili bandia jina hilo mwaka 2023. Gemini ya hapa ni itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, iliyoanzishwa mwaka 2019 na mtaalamu anayejiita Solderpunk. Jina linatokana na vyombo vya anga vya Marekani vilivyotangulia Apollo. Ndiyo maana tovuti zake huitwa kapsuli na seva zake hutumia mlango namba 1965, mwaka ambao vyombo hivyo vilibeba wanaanga kwa mara ya kwanza.

Inafanyaje kazi?

Msomaji akibofya kiungo, kivinjari hutuma mstari mmoja tu, wenye anwani isiyozidi baiti 1,024. Seva hujibu mara moja, kisha mawasiliano hukatwa. Basi.

Hakuna vidakuzi wala video inayojichezea yenyewe. Ukurasa ni maandishi, vichwa, orodha na viungo, kila kiungo kwenye mstari wake. Picha haiji mpaka msomaji aifuate, na rangi na herufi huamuliwa na kivinjari chake. Mawasiliano yote husimbwa, hivyo aliye katikati hawezi kusoma kinachopita.

Kwa nini mtu akubali kukosa hayo yote?

Habari ya maneno 300 ina uzito wa kilobaiti 2 hivi. Kwenye tovuti za kawaida, ukurasa unaoibeba mara nyingi huzidi megabaiti 2, kiasi kinachotosha habari elfu moja za namna hiyo! Ziada ni picha, matangazo na programu za kumpeleleza msomaji. Kwa anayenunua bando la siku, iwe Mbagala au Kisumu, hiyo ni pesa yake inayoliwa.

Lakini mvuto mkubwa zaidi ni heshima. Seva ya Gemini bado huona anwani ya kifaa kinachoomba ukurasa, ila itifaki haikuacha upenyo wa matangazo kumwandama mtu kutoka kapsuli hadi kapsuli. Hilo lilikusudiwa tangu mwanzo.

Wazo hili ni jipya?

Lina mzazi. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa Gopher, mfumo wa menyu za maandishi uliopendwa sana. Mwaka 1993 chuo kikatangaza ada kwa baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva. Aprili mwaka huohuo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kikaitoa teknolojia ya wavuti bure kwa wote. Watu wakahamia huko. Seva chache za Gopher zinafanya kazi hadi leo.

Je, itaziondoa tovuti za kawaida?

Haikuundwa kwa kazi hiyo. Huduma za benki na ramani zitabaki zilipo. Gemini inafaa kusoma na kuandika, na kwa hayo mawili inatosha kabisa. Anayetaka kuijaribu apakue Lagrange, kivinjari cha bure. Waandishi wa Kiswahili nao wafungue kapsuli zao: ukurasa huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida.